Samahani, Bwana

Jumamosi moja alasiri, mvua ya Julai ikiteremka kutoka mlimani, Wilhelmina Fortuin alisimama mlangoni mwa jiko lake na sinia mkononi, akifundishwa namna ya kumvunjia heshima mkwewe.

"Tena," alisema Lettie, bintiye. "Ingia upya, Mama."

Mina akaingia. Mezani walikaa wanaume wawili, mumewe Apol na Gideon Stroebel, kijana wa reli. Juu ya sinia kulikuwa na vikombe vitatu vya bati na kimoja cha kaure chenye ukingo wa dhahabu. Kikombe hicho ndicho pekee kilichosalia katika seti ya bibi mmoja wa Sea Point ambaye Mina alimfulia na kumpikia tangu akiwa msichana. Vingine vilipovunjika, bibi alimpa hicho akasema si vizuri kukitupa. Tangu siku ya kwanza Gideon alipoingia nyumba hii ya Woodstock, Cape Town, amekuwa akinywea kikombe hicho. Hakuna aliyekata shauri iwe hivyo.

Mina akampa Apol kikombe cha bati. Akamgeukia Gideon. Mkono wake ulikwenda kwenye kaure, ukarudi, ukashika bati.

"Chai yako, Bwana Gid—"

"Mama!"

"Ulimi umeteleza."

"Mtozeni faini," alisema Apol. "Kila 'bwana' moja, senti tano. Kufika kesho nitakuwa nimenunua gari."

Gideon alicheka, lakini masikio yake yalikuwa yamewiva. "Mama, sema tu, 'We Gideon, shika chai yako.' Basi."

"Nitasemaje hivyo? Mama yako angenisikia?"

"Mama yangu hatakuwepo."

"Hilo nalo ni baya," alisema Mina, akaweka sinia chini.

Hawakuwa wakicheza. Kadi ya Gideon ilisema yeye ni mzungu, na ya Lettie ikasema ni chotara, na sheria ya nchi haikumruhusu mchungaji yeyote kuwaunganisha. Wakikutwa pamoja kitandani ni jela kwa wote wawili. Lettie alikuwa na mimba changa, na katika kiwanda cha kushona alikofanya kazi alikwisha anza kuacha kifungo kimoja cha sketi bila kufunga. Wakili waliyemwendea, ambaye malipo yake yaliondoka na baiskeli ya Apol, alisema umebaki mlango mmoja tu. Lettie hawezi kupanda, alisema, lakini pengine Gideon anaweza kushuka. Aiombe serikali imwandike chotara.

Kwa hiyo kesho, baada ya ibada, angekuja afisa.

"Hawatazami ngozi peke yake," wakili aliwaambia. "Hutazama watu wanamchukuliaje. Anakula wapi, anaitwa nani, anapewa kiti gani. Mkimchukua kama mwenzenu, atakuwa mwenzenu. Mkimpa kiti cha mgeni, amekwisha."

Mina aliyashika maneno hayo kama mtu anayekariri Zaburi kabla ya kipaimara. Hakulala vizuri wiki nzima. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mbili, na katika umri huo wote hakupata kumwita mwanamume mzungu kwa jina lake tupu, hata mlevi wa Kizungu aliyepiga hodi mlango wa nyuma kuomba mkate.

"Haya, mara ya mwisho," alisema Lettie.

Hapo ndipo Apol, akinyoosha mkono kuchukua sukari, alipokigonga kikombe chake. Chai ikamwagika mezani, ikachuruzika hadi kwenye suruali yake.

"Mikono ya bata, wewe!" Mina alimtupia kitambaa usoni. "Kitambaa cha meza nimekipiga pasi asubuhi hii! Futa! Futa mwenyewe, mimi si mjakazi wako. Ukuta wa watu unaujenga ukanyooka, kikombe kimoja kinakushinda!"

"Ndivyo hivyo!" Lettie alipiga makofi. "Mama, hivyo ndivyo useme na Gideon!"

Mina alimtazama kijana yule mwenye macho ya kijivu, shati lake limekunjwa mikono, akimsubiri amtukane. Alifungua kinywa. Kisha akakifunga, akachukua kitambaa kutoka kwa mumewe, akaifuta meza mwenyewe.

*

Taa zilikuwa zimeanza kuwashwa barabarani Mina aliposikia mtu akiita nje ya lango. Mwanamke wa Kizungu alisimama chini ya mwavuli, koti lake limefungwa hadi shingoni. Mina alimjua kabla hajajitambulisha, kwa macho yale yale ya kijivu. Alikuwa Hester, dada yake Gideon, kutoka Parow.

"Mwite kaka yangu," alisema Hester.

"Karibu ndani, bibi. Mvua hii."

"Siingii. Mwite."

Gideon alitoka bila koti. Mina alirudi jikoni, lakini dirisha la jiko lilitazamana na lango, na kioo chake kilikuwa na ufa tangu mwaka juzi.

"Mama anaumwa," alisema Hester.

"Anaumwa nini?"

"Anaumwa wewe. Hali, hatoki. Wanawake wa kanisani wamemuuliza kama ni kweli, na yeye kasema hujambo, umehamishiwa Kimberley."

"Hester, nampenda. Atanizalia mtoto."

"Mpende! Nani kakukataza kumpenda? Wanaume wangapi wanapenda na kunyamaza?" Sauti yake ilishuka. "Ukishuka wewe, Giddie, unashuka peke yako? Watauliza damu hiyo umeitoa wapi. Watamfukua Bibi yetu. Unajua kwa nini picha ya Bibi haijapata kutundikwa ukutani. Kisha watakuja kwangu. Wanangu wako shule ya wazungu. Yule wa pili, nywele zake unazijua. Kila Jumatatu nazinyoosha kwa mafuta na kitana cha moto, nao wenzake wamekwisha anza kumtazama. Unataka siku moja polisi wamtoe darasani?"

Gideon alilishika lango kwa mikono miwili. Maji ya mvua yalimtiririka shingoni.

"Nina haki ya kuchagua mke," alisema mwishowe.

"Na mimi sikuchagua nywele za mwanangu," alisema Hester.

Alipogeuka kuondoka, macho yake yalikutana na ya Mina kwenye dirisha lenye ufa. Mina alidhani atatukanwa. Hester alimtazama tu, kama mtu anavyomtazama mwenzake kwenye foleni ya hospitali, akaenda zake.

Gideon aliingia akakaa jikoni, maji yakimdondoka. Mina alimletea taulo. Safi, ile ya wageni. Alipokumbuka, alikuwa amekwisha mpa.

*

Jumapili Mina aliamka kukiwa bado na giza akakaanga maandazi ya koeksista, akazichovya kwenye shira na kuzinyunyizia nazi, kama kila Jumapili. Harufu ya iliki ikaingia mtaa mzima. Kanisani Gideon aliketi nao benchi moja, kati ya Apol na Lettie, na waumini wakajitahidi kutomtazama.

Afisa alifika saa sita. Jina lake lilikuwa Verster, mtu mzima, mpole, mwenye mafua. Alipangusa viatu vyake mlangoni kwa muda mrefu zaidi ya ilivyohitajika, akaomba radhi kwa kuwasumbua siku ya Bwana. Mina alikuwa amejiandaa kwa mtu mkali. Upole ule ulimvuruga.

Wakakaa sebuleni. Gideon alikaa kwenye kigoda kilichokatika mguu na kuungwa, walivyopanga. Verster alipewa kiti cha mikono.

"Huyu kijana mnamwita nani hapa?"

"Giddie," alisema Apol. "Na akimaliza nyama kabla yangu, namwita majina mengine, lakini leo ni Jumapili."

Verster alicheka hadi akakohoa. Aliuliza Gideon hulala wapi akichelewa zamu. Apol akamwonyesha kirago nyuma ya mlango. Aliuliza Krismasi alikula wapi, na walipozika mtoto wa jirani alibeba nini. "Koleo," alisema Apol. "Udongo wa Woodstock haubagui mchimbaji." Verster aliandika. Lettie alikaa amekunja mikono juu ya tumbo, akayajibu yaliyomhusu kwa sauti ndogo iliyonyooka. Mambo yalikuwa yakienda vizuri. Hata Apol alikwisha egemea kiti.

"Mama," alisema Verster, "na wewe? Unamwonaje?"

Mina alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko. Alijifuta mikono kwa aproni.

"Ni mtoto mzuri," alisema. "Anakula sana. Gideon huyu. Giddie." Jina lilitoka kama mfupa wa samaki, lakini lilitoka, na Lettie aliinua uso akamtabasamia. Tabasamu hilo Mina angeliuza nyumba kulinunua.

Akaenda kuleta chai. Kikombe cha kaure alimpa afisa, kama ilivyo haki ya mgeni. Gideon akapewa cha bati.

"We Gideon, shika chai yako," alisema.

"Asante, Mama," alisema Gideon, na sauti yake ilikuwa na kicheko na machozi ndani yake.

Verster akanywa, akasifu. Kisha akatoa penseli mfukoni na kusogeza kiti. "Kuna hili moja, samahani. Ni utaratibu tu. Inamisha kichwa, Stroebel."

Watu wote mtaani walilijua jambo hilo, lakini hakuna aliyepata kuliona likifanyika chumbani mwake. Verster aliichomeka penseli kwenye nywele za Gideon, juu ya utosi, akauondoa mkono wake. Katika nywele za kipilipili penseli hukaa. Kwa muda kidogo ilikaa. Mina hakujua kwamba siku moja angemwomba Mungu nywele za mzungu zishike penseli. Kisha ikateleza, ikaanguka sakafuni, ikabingirika chini ya kigoda.

"Nywele hazitusaidii," alisema Verster, bila ubaya. "Lakini si neno. Nywele si kila kitu. Nitaangalia zaidi mnavyoishi naye."

Gideon aliinama upesi kuiokota penseli. Kiwiko chake kikakigonga kikombe chake cha bati ukingoni mwa meza. Chai yote ikamwagikia suruali yake nzuri, ikateremka hadi kwenye kiatu.

Mina hakuamua lolote. Baadaye, alipojaribu kukumbuka, hakuikuta mahali popote hiyo nafasi ambapo mtu huamua. Alijikuta tu amepiga magoti sakafuni, aproni mkononi, akifuta.

"Samahani, bwana," alikuwa akisema. "Samahani, bwana wangu, ni kosa langu, nimekiweka vibaya, imekuunguza? Samahani, bwana."

Akafuta suruali, akafuta juu ya kiatu. Na kiatu kikainuka kidogo kutoka sakafuni, kisigino kwanza, ili kitambaa kipate kupita chini yake.

Nje mfereji wa bati ulikuwa ukitoa maji. Mina alihisi macho yao yote mgongoni, akaacha kufuta, lakini hakuweza kusimama.

Verster alimaliza chai yake hadi tone la mwisho. Akaweka kikombe cha kaure kwenye sinia kwa uangalifu, kama mtu anayejua thamani ya vitu vya watu.

"Fortuin," alimwambia Apol, "wewe ukimwaga chai, mkeo husemaje?"

Apol, aliyekuwa na neno kwa kila jambo, hata kwenye matanga, alitazama mikono yake.

"Husema samahani," alisema.

"Kwako?"

"Ndiyo, bwana."

"Hakika," alisema Verster taratibu. Aliikunja karatasi yake. Haikuwepo furaha yoyote usoni mwake. Mlangoni aligeuka. "Chai yako ni nzuri sana, yaya. Na hizi za shira. Mke wangu hawezi kuzipika hivi."

"Asante, bwana," alisema Mina.

*

Hawakumlaumu. Hilo ndilo lililomuumiza. Apol alisema afisa amekwisha amua kabla hajatoka kwake, kwamba watu hao huja kutafuta sababu tu. Gideon alisema kosa ni lake, kiwiko chake. Alichukua kitambaa, akapiga magoti, akafuta sakafu yote, hata pasipomwagika chai, na Mina akamwacha kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kumzuia.

Lettie alisimama dirishani.

"Uliinua mguu," alisema.

"Nini?" Gideon alisimama.

"Mama alipokuwa anakufuta. Uliinua mguu apate kufuta chini."

"Sikuinua."

"Nilikuona. Verster alikuona."

Gideon alitazama kiatu chake. Alikitazama kwa muda mrefu, kama kitu alichokiokota kwenye njia ya reli.

"Sikujua," alisema. "Lettie, haki ya Mungu sikujua. Kwetu tulikuwa maskini, unajua. Siku nyingine tulikula mkate na mafuta tu. Lakini hata sisi alikuwepo mama mmoja, Sannie, alikuja Jumatatu kusugua sakafu. Tulipokuwa wadogo akisugua tulikuwa tunainua miguu. Hakuna aliyetuambia tuinue."

"Najua," alisema Lettie. "Hakuna aliyemwambia Mama apige magoti."

Hakusema kwa hasira. Alikwenda akasimama karibu naye na kuegemeza paji la uso begani pake. Lakini Mina, aliyekuwa akiosha vyombo, aliona kwamba mikono ya bintiye ilibaki imening'inia.

Usiku ule Apol alimkuta mkewe amekaa ukingoni mwa kitanda.

"Mimi ningefanya vile vile," alisema.

"Usingefanya. Ungemwambia afute mwenyewe."

"Ningefanya vile vile, Mina. Hukunisikia nikimwita afisa yule 'bwana' mlangoni? Mara ngapi? Sikuhesabu hata mimi."

*

Jibu lilikuja miti ya mlimani ilipoanza kuchanua. Wakili aliwaita ofisini, akawasomea akiwa amesimama. Mwombaji kwa sura yake ni mzungu, na kaya anayodai kuwa yake inamchukua na kumhudumia kama mzungu. Ombi limekataliwa.

"Turudie," alisema Gideon. "Twende mahakamani."

Wakili aliketi. Alikuwa kijana bado, na jambo alilokuwa nalo hakulipenda.

"Sikilizeni. Mlipoomba, mliandika kwamba mnataka kuoana. Mkaandika nyumba. Mkaandika kwamba mara nyingine Stroebel hulala pale. Ombi likikubaliwa, hayo ni ushahidi wa mapenzi. Likikataliwa, ni ushahidi wa kosa. Polisi hawana haja ya kuchunguza tena, mmekwisha wachunguzia." Alimtazama Lettie, akatazama pembeni. "Na mtoto atakuwa shahidi wa pili. Wakimwona ana rangi ya baba yake, watauliza. Bwana Stroebel, kuanzia leo usikanyage Woodstock. Bi Fortuin, uondoke Cape Town kabla watu hawajaanza kuuliza tumbo ni la nani."

"Kwa muda gani?" aliuliza Lettie.

"Sheria haina muda."

Mlangoni mwa ofisi, kwenye ngazi, waliagana. Kulikuwa na watu wakipanda na kushuka, kwa hiyo hawakugusana. Gideon alisema atapata uhamisho kwenda kaskazini, atavuka mpaka kwenda Rhodesia, atawaita. Lettie alikubali kwa kichwa. Mina aliyesimama ngazi mbili chini aliona kwamba bintiye aliyaamini nusu maneno yale, na kwamba Gideon hakujua ni nusu ipi.

Kisha Gideon alishuka ngazi akasimama mbele ya Mina.

"Mama, nisamehe," alisema.

Midomo ya Mina ikaanza kumwomba radhi yeye. Aliikaza.

*

Lettie angekwenda Worcester kwa shangazi yake, dada ya Apol, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha matunda makavu. Apol hakupewa ruhusa kazini, akamuaga binti alfajiri kwa kumtania kwamba asile zabibu zote za kaburu. Mumewe alipofika kona ya barabara, Mina alimwona akivua kofia na kujifuta uso nayo.

Stesheni ilikuwa imejaa. Mina na bintiye walipita mlango wao, wakapanda daraja lao, wakashukia mwisho wa jukwaa ambako mabehewa yao yalikuwa. Lettie alivaa koti kubwa la baba yake ingawa jua lilikuwa limetoka. Mina alimtafutia nafasi dirishani, akampa kikapu, akashuka asimame nje hadi treni iondoke.

Hakumwona Gideon akija. Alitokea kati ya mabehewa, na kofia ya reli, bendera ya kijani kwapani, na kifurushi cha karatasi ya kahawia mkononi. Alikuwa amekonda. Alisimama mbele ya Mina, akaweka kifurushi sakafuni kati yao, kama mtu anayetaka kuiachia mikono nafasi ya jambo jingine.

"Mama," alisema.

Ndani ya behewa Lettie alisimama, akashika ukingo wa dirisha.

"Ondoka," alisema Mina kwa sauti ya chini. "Watakuona."

"Nimekuja kumwambia—"

"Stroebel!" Askari wa reli alikuwa akija kutoka upande wa wazungu, mtu mnene mwenye masharubu, mikono nyuma. Hakuwa na shaka yoyote bado, alikuwa na udadisi tu. Alimtazama Gideon, akamtazama Mina, na macho yake yakaanza kupanda kwenye dirisha, kwenye msichana mwenye koti kubwa siku ya jua. "Kuna nini? Huyu mama anakusumbua?"

Gideon alifungua kinywa. Mina aliuona uso wake, akajua kwamba baada ya pumzi moja angesema ukweli, mbele ya umati, kwa kuwa amechoka kuubeba, na ukweli ule ungewapeleka wote wawili jela, na mtoto angezaliwa huko.

Mina akainamisha kichwa. Akakunja mikono mbele ya tumbo.

"Samahani, bwana," alimwambia askari. Kisha akamgeukia Gideon. "Samahani, bwana. Nilikuwa nauliza tu kama hii ndiyo treni ya Worcester. Sisi hatujui kusoma, bwana."

Mara hii alilichagua kila neno. Aliyaweka moja moja, polepole, kama mtu anayepanga vyombo vya wenyewe.

Askari alimgeukia Gideon. Alikuwa akingoja. Gideon alimtazama Mina, na Mina, bila kuinua kichwa, aliinua macho peke yake. *Sema*, yalimwambia macho yale. *Sema vizuri.*

"Ndiyo hii," alisema Gideon. "Na usisimame njiani, yaya. Chukua takataka zako utoke hapa." Akakisukuma kifurushi kwa ncha ya kiatu.

Sauti ilikuwa sawasawa. Haikutetereka popote. Mtu angedhani amekuwa akiitumia maisha yake yote.

Askari alicheka puani. "Wape dakika moja tu, watakuletea na ukoo mzima," alisema, akaendelea na mwendo wake, mikono nyuma.

Mina alipiga magoti. Magoti yalimuuma kwenye saruji. Kifurushi kilikuwa kimeegemea kiatu cha Gideon, kiatu kile kile, cheusi, kimepigwa rangi. Akanyoosha mkono kukichukua, na kiatu hakikuinuka. Kilibaki pale pale kimekandamizwa chini, kwa nguvu nyingi hivi kwamba ngozi yake ilikunjamana.

"Asante, bwana," alisema Mina, ili askari asikie.

Alipoinuka, Gideon alikwisha geuka na alikuwa akitembea kuelekea kichwa cha treni. Filimbi ililia. Mina alikimbia hadi dirishani akampa bintiye kifurushi. Karatasi ilichanika mikononi mwa Lettie. Ndani kulikuwa na kikombe cha mtoto, cha bati, cheupe, ukingo wa buluu, bei ya dukani bado imebandikwa chini yake.

Mbele kabisa, Gideon aliinua bendera ya kijani. Ndiyo ilikuwa kazi yake. Behewa likashtuka, likaanza kusogea.

"Amesema nini?" aliuliza Lettie, akiinama nje ya dirisha, kikombe kimemkaa kifuani. "Mama! Alikuambia nini?"

Mina alitembea kando ya treni, kisha akakimbia kidogo, mkono juu ya ukingo wa dirisha. Alitafuta neno la kumpa. Alikuwa amefika mwisho wa jukwaa kabla hajalipata.

"Amesema tusisimame njiani," alisema, na mkono wake ukaachia.